Jino la Baba na Feni ya Namba Nne

Walimu wenzangu, tangu nirudi mnaniuliza swali lilelile kwenye chai ya saa nne: iweje niondoke Buhongwa na baba yangu tu, nifike Bukoba na watu wawili? Kila nikianza kueleza kengele inagonga. Basi nimeandika yote hapa, mpokezane. Habari za kuomba ruhusa na kukusanya vitu vya mahari naziruka, hazina utamu. Nitakayoyasimulia mimi mwenyewe bado sijayazoea.

Mdogo wangu Maduhu alikuwa anatoa mahari Bukoba siku ya Jumamosi. Yeye na wajomba walitangulia kwa basi. Baba, Mzee Masanja, alisema hapandi basi la mtu wakati gari lake lipo. Mnamfahamu: aliendesha malori ya pamba mpaka akastaafu, na hakuna fundi aliyewahi kumwambia jambo akalikubali. Gari lake lilikuwa limekaa uani miaka minne tangu augue, kuku wakilala chini yake. Nililifufua mimi, na niliyeshika usukani ni mimi.

Kutoka Buhongwa, kioo kikiwa na ukungu

Tuliondoka Alhamisi asubuhi na mvua ya taratibu, ile isiyo na mpango wa kukata. Hatujafika hata mbali kioo cha mbele kikajaa ukungu. Nikafungua feni, ile ya kwenye dashibodi inayopuliza joto au baridi kadiri unavyotaka. Ina namba nne. Nikaweka moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya kama darasa lililomwona mkuu wa shule mlangoni. Nilipoweka nne ikatoa mlio, krrr-krrr-krrr, kama mtu anayesaga karanga kwa hasira, na upepo wake usingetikisa unyoya.

"Gali limekaa sana," alisema baba. Mnajua Kiswahili chake, gari ni gali na barabara ni balabala. "Linajinyoosha." Akapiga dashibodi kwa kiganja, chini ya kile kikabati cha kuwekea karatasi. Mlio ukanyamaza. Baba akanitazama kwa ushindi. Mlio ukarudi.

"Baba, basi nisaidie kufuta kioo."

"Mimi si waipa."

Akageukia dirisha la upande wake, akaanza kunisimulia jinsi alivyokuwa akitoka Magu na lori limejaa pamba, bila feni wala redio. Mimi nikaendesha huku nachungulia kwenye kitundu kidogo nilichokifuta kwa mkono wa gauni.

Usagara nikasimama. Pembeni ya barabara kulikuwa na bwana wa makamo amejikinga kwa mwavuli, ana boksi la vifaa. Nikamwambia gari halitoi upepo.

"Halina upepo?"

"Hata kidogo."

"Dada, wewe kapumzike. Hilo dogo."

Nikavuka kununua maandazi. Niliporudi nilikuta gari limesimama juu juu, matairi yote manne yamekakamaa kama ngoma, na yule bwana amechuchumaa anamalizia la akiba. "Sasa una upepo mpaka Bukoba," aliniambia, na alisema kwa moyo safi kabisa. Kosa lilikuwa langu. Upepo wa matairi na upepo wa feni vinatumia neno moja, nami mwalimu wa Kiswahili sikuliona hilo. Lakini baba alikuwa amekaa ndani ya gari muda wote akimtazama anavyojaza!

"Kwa nini hukumwambia?"

"Uliomba upepo," alisema baba, akachukua andazi.

Ilibidi tuyapunguze tairi moja moja. Tulipoelewana, yule bwana akaangalia fyuzi ya feni, akaiinua kwenye mwanga. Nzima. Akatikisa kichwa, akasema hapo sasa patafutwe mtu wa umeme.

Darajani

Zamani pale Kigongo mlikuwa mnasubiri kivuko mpaka mnafahamiana na abiria wengine kwa majina. Sasa unapita juu ya maji kwa daraja, ukikohoa umefika Busisi. Ningelifurahia kama ningeliona. Mvua ilizidi, nikafungua vioo vya pembeni, ikanyeshea mapajani.

Nikakumbuka kuwa joto hukausha kioo. Nikageuza feni upande wa moto. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, na chini yake harufu nyingine, nzito, ya ghala lililofungwa muda mrefu. Nikaizima haraka.

"Samaki wa Busisi hao," alisema baba.

Haikuwa harufu ya samaki. Lakini nani abishane na dereva wa malori?

Sengerema, bila kusimama

Tangu darajani baba alikuwa anaulizia chakula. Tulipoingia Sengerema ghafla akasema hana njaa. Nilijua sababu, na nanyi lazima niwaeleze, maana bila hiyo hamtaelewa lililotokea Geita.

Sengerema ndiko anakoishi shangazi Kabula. Ni mdogo wake baba, tumbo moja. Alipofiwa na mumewe alihamia kwetu Buhongwa, na ndiye aliyetulea mama alipofariki. Alinifundisha kusuka. Alinifundisha hata kugombana.

Miaka minne iliyopita baba alipoteza jino. La kubandika, la mbele, moja tu, lenye kifizi cha plastiki ya pinki na kiwaya cha kulishikia. Siku hiyo walikuwa wametoka kula samaki wa sato huko Igogo, yeye na shangazi, kwa gari hilihili. Kesho yake jino halikuonekana. Lilitafutwa chini ya vitanda na ndani ya viatu. Wiki mbili baadaye baba akaamka mdomo umepinda upande mmoja, jicho halifumbi. Hospitali wakasema ni mshipa wa uso, utarudi wenyewe, na kweli ulikuja kurudi. Lakini kabla haujarudi watu walishaanza kusema. Jino la mtu halipotei hivihivi, walisema. Limechukuliwa na mtu wa karibu, na limekwenda kufanyiwa kazi.

Kikakaliwa kikao cha ukoo sebuleni kwetu, na majirani wakaja. Mmoja wao akasema, "Na yale macho yake mekundu, hamyaoni?" Kwetu Usukumani, mwanamke mzima akishaambiwa hivyo ameitwa mchawi, hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Macho ya shangazi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Alikuwa anatupikia sisi.

Baba akasimama na mdomo wake uliopinda. "Kabula, rudisha jino langu."

"Kaka, mimi sina jino lako."

"Basi ondoka kwangu."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ungo wa mchele. Niliendelea kuchambua. Nimesema yote ya kujichekesha hapa, na hili niliseme pia: niliendelea kuchambua mchele, na shangazi akapita mbele yangu na kifurushi chake.

Sasa tulikuwa tunakwenda kutoa mahari bila shangazi wa bwana harusi, jambo la aibu. Baba alishaamua: wakwe wakiuliza, tuseme anaumwa. Njia ya kwenda kwake inakatia kulia, penye kibao cha kanisa. Nikapunguza mwendo.

"Gali lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi kanyaga."

Nikakanyaga.

Geita

Kabla ya kufika Geita mjini mvua ikawa kubwa mno, nikalazimika kuwasha tena ile namba nne. Moshi ukatoka kwenye matundu ya dashibodi na kutuingia machoni. Nikaingiza gari kwenye gereji ya kwanza niliyoiona, paa la bati na magari mabovu yamejipanga kama wagonjwa.

Fundi Kaijage alikuwa Mhaya mrefu, shati limechomekwa, na hakuwa na haraka. Akazungusha namba zote nne, akasikiliza.

"Moja mpaka tatu hazifanyi, nne inafanya. Hiyo risista, dada. Ndiyo inayopunguza umeme ili feni iende polepole. Namba nne haipiti huko, inakwenda moja kwa moja."

"Ukipiga hapa inatulia," alisema baba.

"Mzee wangu, ukimpiga mgonjwa naye atatulia." Akaanza kufungua kile kikabati. "Lakini risista haifi bure. Inapozwa na upepo wa feni hiyohiyo. Ukiona imeungua, usiulize risista. Uliza upepo umezibwa na nini."

Akalala kifudifudi sakafuni mwa gari, miguu nje, akafungua skrubu tatu, akavuta mota ya feni. Haikutoka peke yake. Kiliporomoka kiota kizima cha panya: maganda ya karanga, sponji ya siti, nyuzi, na vipande vya daftari. Nikaokota kimoja nikakuta alama ya vema, ya kalamu nyekundu, yangu mwenyewe. Nikacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho pale gereji.

Fundi akachokonoa kwa bisibisi, kikaanguka kifurushi kidogo cha tishu iliyokauka, kimezongwa na nyuzi na nywele. Akakifungua.

"Mama yangu! Jino la mtu!"

Aliruka kinyumenyume akakanyaga beseni la oili chafu. Mafundi wote wakaja. Mtu mmoja alichungulia, akarudi nyuma akipiga ishara ya msalaba. Nywele, nyuzi, jino, vimefichwa ndani ya gari. Nani angesema ni kitu kingine?

"Hili gari lina mambo."

"Mzee, unakwenda wapi na hiki kitu?"

"Msimwache aondoke huyo!"

Mlango wa gereji ukajaa watu. Mimi ninayezoea kunyamazisha watoto hamsini nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Ndipo mwanamke aliyekuwa anauza uji akamnyooshea baba kidole, akasema, "Na mwoneni macho yake yalivyo mekundu."

Ulikuwa ule moshi wa feni. Macho yangu pia yalikuwa mekundu, lakini hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama mzee.

Nimemfahamu baba yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akiwa na uso ule. Alisikia neno lile, akalitambua. Aliweka mkono kwenye jicho lake kama anayetaka kulifuta lote litoke.

Kisha akasema polepole, "Ni langu."

Akafungua mdomo, akawaonyesha pengo. Akaomba maji, akalisafisha lile jino kwa kidole, muda mrefu, akalipachika. Kiwaya kikashika. Akakenua meno mbele ya watu wale wote, na kifizi cha pinki kikakaa mahali pake. Yule muuza uji akaziba mdomo kwa khanga.

"Panya tu," alisema fundi Kaijage, akihema. "Hii tishu lazima ilinuka chakula."

"Sato," alisema baba. "Mwiba ulinibana. Nikalitoa, nikalifunga kwenye tishu, nikaliweka hapa juu." Akagusa dashibodi, palepale mbele ya kiti cha abiria. "Nililiweka mimi."

Utotoni jino likitung'oka tulikuwa tunalirusha juu ya bati, tukimwomba panya alichukue atuletee jipya. Shangazi ndiye aliyetufundisha kurusha. Nilisimama pale naliwaza hilo, sijui kwa nini hilo hasa.

Fundi alisafisha njia ya upepo, akarudisha mota. Risista ya aina ile hakuwa nayo. "Mtatumia namba nne tu. Lakini sasa itapuliza kweli."

Baba alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, ametoa jino, amelikumbatia kwa viganja viwili. Mwishowe akainuka.

"Geuza gali."

Sengerema, safari hii tukisimama

Mvua ilikuwa imekatika. Tulikata kwenye kibao cha kanisa, tukafuata njia ya tope hadi karibu na ziwa. Shangazi Kabula alikuwa ameinama anachambua dagaa kwenye wavu. Amekonda. Alituona tangu tunashuka, lakini hakuacha kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Milembe."

"Mwadila, Kabula," baba alimwamkia kwa Kisukuma, salamu ya mchana.

Shangazi alitoa dagaa watatu wabovu, akawatupa, ndipo akajibu. Baba akanyoosha kiganja. Shangazi akalitazama jino bila kuligusa.

"Lilikuwa wapi?"

"Ndani ya feni ya gali. Alilichukua panya."

Bata wa jirani wakapita katikati yetu. Kisha shangazi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na panya naye mlimwitia kikao?"

Kicheko kilinitoka, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze. Baba hakucheka. Akaanza kupiga magoti. Baba yangu, mbele ya mdogo wake, kwenye tope! Goti moja likafika, la pili likagoma, akabaki nusu, ameshikilia ule wavu.

"Inuka," alisema shangazi. "Utachafua suruali ya mahari."

"Nisamehe, Kabula."

"Hapa unaniomba tuko watatu. Siku ile walijaa sebule nzima. Uliniita mchawi mbele za watu, kalifute mbele za watu."

"Nitalifuta."

Tulilala kwake. Alitupikia ugali na dagaa wa kukaanga na nyanya, na baba akala akitafunia upande mmoja. Niliona kwenye kibanda chake rundo la kuni kavu limefunikwa vizuri, naye anapika kwa mkaa. Nilishangaa, mtu na kuni zake. Sikuuliza.

Bukoba, na njia ya kurudi

Jumamosi tulikaribishwa vizuri mno, shangazi akiwa nasi. Senene wa kukaanga walipita kwenye sahani, ndizi zikafuata. Msemaji wa wakwe alipouliza shangazi wa kijana yuko wapi, baba akasimama kabla ya msemaji wetu.

"Ni huyu hapa. Miaka minne nilimwita mchawi kwa ajili ya jino. Jino hili." Akalitoa mfukoni. Maduhu aliinamisha kichwa mpaka karibu na magoti. "Halikuchukuliwa na mtu. Nililiweka mwenyewe nikasahau, nikamfukuza dada yangu. Wajomba, mlikuwepo siku ile. Nasema uongo?"

Hakuna mjomba aliyeinua macho. Baba wa binti alisafisha koo. "Mzee mwenzangu," alisema, "sisi tulitaja mbuzi na blanketi. Jino hatukulitaja." Wakacheka wote, mahari ikaendelea. Shangazi alilia kimyakimya ndani ya khanga yake, na mama wa binti akasogea akakaa karibu naye.

Nikadhani yamekwisha. Nilivyofurahi, jamani! Jumatatu tukaanza kurudi. Baba alikataa kukaa mbele, akamfungulia shangazi mlango, yeye akaingia nyuma. Njiani nikamwambia shangazi turudi naye Buhongwa, chumba chake kipo. Akasema nimshushe Sengerema.

Tulipopita Muleba mvua ikaanza. Nikawasha feni, namba nne, ikapuliza hasa, kioo kikawa cheupe safi ungeweza kuhesabu migomba. Nikawa najisifu.

"Milembe, izime hiyo."

"Shangazi, ukungu utajaa."

"Izime, mwanangu. Upepo wake unanitia wekundu machoni."

Nikacheka. "Nani atakutazama macho humu? Ni sisi tu."

"Kila asubuhi najitazama kwenye kioo kabla sijafungua mlango," alisema. "Kuni sijapikia tangu siku niliyotoka kwenu."

Nikaizima.

Ukungu ukaanza kupanda kwenye kioo, kutokea chini. Nilipunguza mwendo, nikatafuta kitambaa kwa mkono mmoja bila kukipata. Mara nikasikia siti ya nyuma ikilia. Mkono wa baba ulipita katikati yetu, umeshika leso yake nyeupe ya mahari, ukaanza kufuta kioo, kwanza upande wangu, kisha upande wa shangazi.

Alifuta mpaka Sengerema.